Linganisha Ipi? Jinsi Lugha za Programu Zinavyolitafuta Jina la Funksheni

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mnaoandika programu kwa ajili ya kazi au kwa mapenzi tu,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara mia kwa siku bila kulifikiria: kuandika jina la funksheni, yaani kipande cha programu kilichopewa jina na kazi yake, na kutarajia kwamba mashine itaitambua funksheni tunayoikusudia. Jambo hili huonekana dogo maadamu jina ni moja na funksheni ni moja. Huanza kuwa na uzito pale programu inapokua, funksheni zikafasiliwa ndani ya funksheni nyingine, klasi (vifurushi vya data na funksheni zake) zikawekwa ndani ya klasi na moduli ndani ya moduli, hata jina lile lile likawa na wenyewe wawili au watatu. Hapo lugha inalazimika kuamua, na kila lugha imejiwekea taratibu zake za kuamua. Hoja nitakayoitetea ni kwamba makosa mengi ya majina hayatokani na kutozijua taratibu hizo moja moja. Yanatokana na kutojua mpangilio wa maswali ambayo lugha hujiuliza: lipi hutangulia, lipi hufuata, na kwamba swali likishajibiwa, aghalabu lugha hairudi nyuma kulitazama upya.

Chukueni programu yenye funksheni tatu. Ya kwanza inaitwa linganisha. Kazi yake ni kupokea namba mbili na kusema ipi iliyo ndogo. Ya pili inaitwa panga. Hii hupokea orodha na kuipanga, na ndani ya mwili wake huiita linganisha. Zote mbili zimeandikwa katika eneo la nje kabisa la faili. Ya tatu inaitwa ripoti, na ndani yake mwandishi amefasili linganisha nyingine, inayolinganisha maneno kwa alfabeti, kisha akaiita panga. Sasa panga inaanza kufanya kazi, inafika kwenye mstari unaosema linganisha. Itaiita ipi?

Jibu moja linasema: tazama panga ilipoandikwa. Iliandikwa katika eneo la nje, na katika eneo hilo linganisha inayoonekana ni ile ya namba. Kwa hiyo ni hiyo itakayoitwa, haidhuru nani ameiita panga. Jibu la pili linasema: tazama nani ameiita panga. Ameiita ripoti, na ripoti ina linganisha yake. Kwa hiyo ya ripoti ndiyo itakayotumika. Jibu la kwanza nitaliita utafutaji wa kimaandishi, na la pili utafutaji wa kimwito. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na majibu yote mawili yanakubaliana na msemo huo, kwa maana kila moja linachukua jina lililo karibu zaidi. Yanachotofautiana ni namna ya kupima ukaribu. Moja linaupima kwenye ukurasa, jingine linaupima kwenye mfuatano wa miito wakati programu inaendeshwa. Huyu mwandishi wa ripoti huenda alitaka kweli kupanga maneno, na jibu la pili lingempendeza siku hiyo. Lakini mwandishi wa panga, ambaye huenda hakuwahi kuonana na mwandishi wa ripoti, asingeweza tena kusema kwa uhakika funksheni yake inafanya nini, kwa kuwa yeyote anayeiita anaweza kuibadilisha bila kujua kwamba anaibadilisha.

Utafutaji wa kimaandishi ulipata umbo lake rasmi katika lugha ya ALGOL 60, ambayo ripoti yake, iliyohaririwa na Peter Naur, ilichapishwa mwaka 1960. Lugha hiyo iliruhusu bloki, yaani vipande vya msimbo vyenye mwanzo na mwisho, ndani ya bloki na funksheni ndani ya funksheni, kwa kina chochote alichotaka mwandishi. Jina lililotangazwa ndani ya bloki lilikuwa mali ya bloki hiyo, na kama nje kulikuwa na wajina wake, wajina huyo alifunikwa mpaka bloki ilipokwisha. Wanahisabati walikuwa wameizoea kanuni ya namna hiyo tangu zamani. Katika kalkulasi ya lambda, mfumo wa kihisabati wa kueleza funksheni aliouunda Alonzo Church katika miaka ya 1930, kila kigeu (jina linaloshika thamani) kilichofungwa hufungwa na lambda yenye jina hilo iliyo karibu zaidi kwa upande wa nje, na mtu anaweza kukibadilisha jina bila kubadilisha maana ya fomula, almuradi asigongane na jina jingine.

Ajabu ni kwamba LISP, lugha iliyoazima alama ya lambda kutoka kwa Church, ndiyo iliyoichukua njia ya pili. John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958, na katika utekelezaji wake wa mwanzo majina na thamani zake vilihifadhiwa katika orodha ya jozi. Kila funksheni ilipoitwa, vigezo vyake, yaani majina ya thamani inazopokea, viliongezwa mbele ya orodha, na utafutaji ulianzia mbele kuelekea nyuma. Ilikuwa njia rahisi kuitekeleza, na kwa programu nyingi ilitoa majibu sahihi, ndiyo maana kasoro yake ilijificha. Kisha James R. Slagle akaandika funksheni iliyopokea funksheni nyingine kama hoja, yaani kama thamani inayokabidhiwa wakati wa kuita, akaona haileti jibu alilolitarajia, akalalamika. McCarthy alikiri baadaye, katika historia ya LISP aliyoiandika mwenyewe, kwamba aliliona jambo hilo kuwa kosa la kawaida tu ambalo Steve Russell angelirekebisha upesi. Russell alilirekebisha kweli, lakini ilimbidi abuni kifaa kipya kilichoitwa FUNARG, ambacho kiliifunga funksheni pamoja na mazingira ya mahali ilipoandikwa, ili popote itakapopelekwa iende nayo.

Naona inafaa tutue kidogo juu ya kifaa hicho, kwa sababu ndani yake mna wazo zima. Funksheni inapopitishwa kama hoja, au inaporudishwa kama jibu, inatoka nje ya eneo ilimozaliwa. Mwili wake unataja majina ambayo si vigezo vyake, na majina hayo yana maana mahali pale ilipoandikwa tu. Ukiipeleka bila mazingira yake, majina hayo yatabaki wazi, na yeyote atakayeiita atayajaza kwa yaliyo yake. Mwaka 1964 Peter Landin aliupa mchanganyiko wa mwili wa funksheni na mazingira yake jina ambalo limedumu mpaka leo, kloja. Mwacha asili ni mtumwa, na kloja ni funksheni isiyoiacha asili yake hata ikiitwa upande wa pili wa programu. Hata hivyo, ndani ya familia ya LISP ilibidi kungoja hadi mwaka 1975, Gerald Jay Sussman na Guy Steele walipoiunda Scheme, ndipo ikaonekana lahaja inayofanya utafutaji wa kimaandishi kuwa msingi na kuuendesha kwa ukamilifu.

Mashine inafanyaje haya yote? Kila funksheni inapoitwa, hutengwa fremu, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye vigezo na vigeu vyake, katika rundo la miito ambayo haijakwisha. Fremu hiyo hubeba kiungo kinachorudi kwa aliyeita, ili kazi ikiisha ijulikane pa kurejea. Katika lugha zinazoruhusu funksheni ndani ya funksheni, hubeba pia kiungo cha pili, kinachoelekea kwenye fremu ya funksheni inayoizunguka kimaandishi. Mara nyingi viungo hivi viwili huelekea mahali pamoja, na hilo ndilo huwapumbaza wanafunzi. Tofauti hujitokeza pale tu funksheni inapoitwa na asiyekuwa mzazi wake. Kwa kuwa mpangilio wa maandishi haubadiliki programu inapoendeshwa, kompaila, programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa amri za mashine, inaweza kuhesabu mapema. Jina likitumiwa katika kina cha 5 nalo lilifasiliwa katika kina cha 2, kompaila hutoa amri ya kufuata viungo 3, kisha kusoma nafasi fulani ndani ya fremu inayofikiwa. Edsger Dijkstra alipendekeza mwaka 1960 kwamba badala ya kurukia kiungo baada ya kiungo, kuwe na jedwali dogo lenye anwani ya fremu inayotumika kwa kila kina. Na N. G. de Bruijn, mwaka 1972, akaonyesha kwamba jina lenyewe linaweza kuondolewa kabisa katika fomula za lambda, likawekwa namba inayosema ni lambda ngapi za kuhesabu kuelekea nje. Kwa maneno mengine, chini ya utafutaji wa kimaandishi jina ni la kumsaidia msomaji; mashine inahitaji umbali tu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewanasa watu wengi. Kujua ni funksheni ipi inayokusudiwa hakutoshi. Ikiwa funksheni ya nje imejiita yenyewe mara kumi, kuna fremu kumi za funksheni hiyo zilizo hai kwa wakati mmoja, na funksheni ya ndani inapaswa kurudi kwenye fremu ile ile iliyoizaa, si iliyo karibu zaidi katika rundo. Donald Knuth alitunga programu fupi mwaka 1964 kwa kusudi la kupima kompaila za ALGOL 60 katika jambo hilo hilo, akaiita kipimo cha kutenganisha wanaume na wavulana. Ukianza na thamani ya 10, jibu sahihi ni -67. Knuth mwenyewe, alipojaribu kuikokotoa kwa mkono, alikisia kwamba jibu lingekuwa -121. Nalitaja hilo kwa kuwa nimewaona wanafunzi wakijidharau kwa kushindwa kufuatilia kloja nne zilizojifunga moja ndani ya nyingine, nao hawajui wamekosea pamoja na nani.

Lugha ya C iliukwepa mtego wote kwa kutoruhusu funksheni kufasiliwa ndani ya funksheni. Faida yake ni kwamba anwani ya funksheni inatosha, hakuna mazingira ya kubebwa. Kompaila ya GCC inaziruhusu kama nyongeza, lakini ikichukuliwa anwani ya funksheni ya ndani inayotumia vigeu vya nje, kwa kawaida huandika kipande kidogo cha msimbo ndani ya rundo lenyewe, na hivyo rundo linalazimika kuruhusiwa kutekelezwa, jambo ambalo watu wa usalama hawalipendi hata kidogo.

Hilo lilikuwa swali la mahali. Nyuma yake linakuja swali la wakati, yaani jina huanza kuonekana lini ndani ya eneo lake. Kwa vigeu vya kawaida swali hili si zito: kigeu huandikwa kwanza, hutumiwa baadaye. Funksheni zina tabia ambayo vigeu vya namba havina, nayo ni kwamba zinaweza kujitaja zenyewe, na zinaweza kutajana. Mfano wa shule ni funksheni mbili, shufwa na witiri. Shufwa ikipewa sifuri hujibu ndiyo, vinginevyo hupunguza moja na kuiuliza witiri. Witiri ikipewa sifuri hujibu hapana, vinginevyo hupunguza moja na kuiuliza shufwa. Yoyote utakayoiandika kwanza itakuwa inataja jina ambalo msomaji anayeshuka kutoka juu ya ukurasa hajalikuta bado.

Pascal ilimtaka mwandishi atoe tangazo la mapema kwa neno forward. C inataka tangazo la umbo la funksheni litangulie. JavaScript inachukua njia ya ukarimu: kabla ya kuanza kutekeleza mwili wa funksheni, hukusanya fasili zote za funksheni zilizomo na kuzipandisha juu, hivyo unaweza kuiita funksheni kwenye mstari wa kwanza nawe umeifasili kwenye mstari wa mwisho. Ukarimu huo una mpaka. Ukiiweka funksheni hiyo ndani ya kigeu kilichotangazwa kwa var, kinachopandishwa ni jina la kigeu tu, bila thamani, na kuita mapema huleta hitilafu. Nimeona watu wakibadilisha umbo moja kuwa jingine kwa sababu za urembo, kisha programu ikaacha kufanya kazi, nao wakaapa kwamba hawakugusa kitu.

Lugha za familia ya ML zina jibu ninalolipenda kuliko yote, ingawa huwasumbua wageni. Katika OCaml, ukiandika let f x = ... na ndani ya mwili ukaitaja f, hiyo f ya ndani ni f ya zamani, iliyokuwapo kabla ya mstari huo. Kama hakuna ya zamani, ni kosa. Ukitaka f ijitaje yenyewe unasema wazi, let rec, na kwa shufwa na witiri unaziunganisha kwa neno and. Kwa njia hiyo mwandishi anaweza kuichukua funksheni iliyopo na kuivalisha koti jipya lenye jina lile lile, akiiita ya zamani ndani ya mpya, bila kuhofia mduara usiokwisha. Common Lisp inatofautisha vivyo hivyo kati ya flet na labels: ndani ya ya kwanza funksheni haijioni, ndani ya ya pili inajiona.

Python inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnaitumia, na kwa kuwa ilibadilisha kanuni yake watu wakiwa tayari wanaitumia. Kwa miaka yake ya mwanzo, Python ilikuwa na ngazi tatu tu za kutafuta: ndani ya funksheni yenyewe, kisha katika moduli, kisha katika majina yaliyojengwa ndani ya lugha. Funksheni iliyofasiliwa ndani ya nyingine haikuona chochote cha ile iliyoizunguka. Matokeo yake yalikuwa ya kushangaza: funksheni ya ndani haikuweza hata kujiita yenyewe kwa jina lake, kwa sababu jina hilo liliishi katika eneo la mzazi, na eneo la mzazi lilirukwa. Pendekezo lililoandikwa na Jeremy Hylton, PEP 227, liliongeza ngazi ya maeneo yanayozunguka. Mwaka 2001 likaingia katika toleo la 2.1 kwa hiari ya mwandishi, na mwisho wa mwaka huo huo likawa kanuni ya kawaida katika toleo la 2.2. Hata hapo funksheni ya ndani iliweza kusoma jina la nje lakini si kulipa thamani mpya. Uwezo huo ulikuja mwaka 2008 na toleo la 3.0, kupitia neno nonlocal.

Jambo linalopaswa kueleweka kuhusu Python ni kwamba inagawa uamuzi mara mbili. Jina ni la eneo lipi, hilo huamuliwa mapema, mwili wa funksheni unapokompailiwa: jina likipewa thamani popote ndani ya mwili, au likifasiliwa kwa def popote ndani yake, linahesabiwa kuwa la ndani tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo sababu mstari ulio chini unaweza kuuvunja mstari ulio juu yake. Lakini ndani ya eneo hilo jina linashika nini, hilo huangaliwa mwito unapotokea. Funksheni inayojiita yenyewe katika Python, kwa hakika, haijiiti yenyewe. Inamwita yeyote anayelishika jina lake wakati huo. Mtu akilikabidhi jina hilo kwa funksheni nyingine, mwito unaofuata utakwenda kwa mrithi. Tena kuna pengo moja katika nyumba hii: mwili wa klasi. Majina yaliyofasiliwa moja kwa moja ndani ya klasi hayaonekani na methodi zake, yaani funksheni zilizomo ndani yake, kwa njia ya maeneo, ijapokuwa kimaandishi klasi inazizunguka. Methodi inayotaka kumwita jirani yake kwa kawaida hupitia self, yaani kitu ambacho methodi imeitwa juu yake. Kanuni hii ina sababu zake, lakini kila ninapoifundisha naona nyuso zikikunjamana, nami sizilaumu.

Swali la tatu ndilo ninaloliona kuwa tajiri kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa vya kutosha. Jina likipatikana, lakini si la kitu cha aina tunayoitaka, je, lugha iendelee kutafuta au isimame? Katika miaka yangu ya mwanzo kazini niliwahi kukesha usiku mzima kwa ajili ya swali hili. Mtu fulani katika kundi letu, nami sina ushahidi kwamba si mimi, alikuwa ameandika juu ya faili kigeu kiitwacho sum na kukipa jumla ya hesabu fulani. Mistari mia kadhaa chini, funksheni ya ndani iliita sum kujumlisha orodha. Python ikajibu kwamba kitu cha aina ya namba kamili hakiwezi kuitwa. Niliutazama mstari huo mpaka herufi zikaanza kucheza, kwa kuwa akilini mwangu mabano yaliyofuata jina yalitosha kuonyesha kwamba nataka funksheni. Lugha haikujali mabano. Ilitafuta jina kwanza, ikakuta wajina wa karibu, ikasimama. Ndipo ikagundua kwamba iliyemkuta hawezi kufanya kazi.

Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ingeniachia nilale. Ukikiita kigeu chako c na kukipa thamani ya 5, kisha ukaandika c(1, 2), R inajua kwamba jina limekaa mahali pa kuitwa, inakipita kigeu kisichokuwa funksheni, inaendelea kuelekea nje mpaka inaikuta funksheni c ya kuunganisha thamani. Common Lisp inafika mbali zaidi kwa kuweka madaftari mawili, moja la funksheni na jingine la vigeu, hivyo kigeu kiitwacho list na funksheni iitwayo list huishi pamoja bila kugombana. Gharama yake ni kwamba ukitaka kuipitisha funksheni kama thamani lazima useme kwa alama maalumu kwamba unaitaka kutoka daftari la funksheni, na ukiwa nayo ndani ya kigeu huiiti moja kwa moja bali kwa msaada wa funcall. Wafuasi wa Scheme, yenye daftari moja, na wafuasi wa Common Lisp wamebishana juu ya hili kwa miongo kadhaa. Kwa upande wangu, ninapofundisha naichagua Scheme, na ninapochoka naikumbuka R kwa hamu.

Katika C++ mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu jina moja linaweza kuwa la funksheni nyingi zinazotofautishwa na aina za vigezo vyao. Chukueni klasi mama yenye chapa inayopokea namba kamili, na klasi mtoto yenye chapa inayopokea namba ya desimali. Ukiiita chapa ya mtoto kwa namba 5, mtu angetarajia ile ya mama ichaguliwe, maana inalingana kikamilifu. Haichaguliwi. Kompaila hulitafuta jina kwanza, bila kutazama hoja. Inalikuta katika klasi mtoto na kusimama hapo, kisha ndipo inapolinganisha aina, na miongoni mwa wagombea waliopatikana yupo mmoja tu. Basi 5 inageuzwa kuwa desimali kimyakimya, na programu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Dawa yake ni kuyaleta majina ya mama ndani ya mtoto kwa neno using. Utaratibu huu haukuwekwa kwa uzembe. Kama utafutaji ungeendelea nje kila mara kutafuta anayelingana zaidi, funksheni iliyoongezwa leo katika eneo la mbali ingeweza kuunyakua mwito ulioandikwa miaka kumi iliyopita. Hata hivyo C++ yenyewe iliulegeza utaratibu huo kwa mlango wa pembeni, ule unaojulikana kwa jina la Andrew Koenig, ambapo funksheni hutafutwa pia katika maeneo ya aina za hoja zake. Bila mlango huo, alama kama << ya kuandika na + ya kujumlisha zisingefanya kazi kwa urahisi juu ya aina zilizofasiliwa katika maeneo ya majina ya watu wengine.

Java ilichukua nusu. Methodi za klasi mama hujumlishwa na za mtoto, kwa hiyo mfano wa chapa ungekwenda kwa mama kama inavyotarajiwa. Lakini klasi iliyo ndani ya klasi nyingine, ikiwa na methodi yoyote yenye jina chapa, huzifunika chapa zote za klasi inayoizunguka, hata zile zenye vigezo tofauti kabisa, na kompaila hukataa mwito ambao kwa macho ya binadamu hauna utata. Kurithi na kuzungukwa vinaonekana kama udugu wa namna moja. Java inavihukumu kwa sheria mbili.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba utafutaji wa kimwito ni upotovu mtupu. Vishughulikiaji vya hitilafu katika lugha nyingi hutafutwa hivyo: hitilafu ikirushwa, hupanda rundo la miito mpaka impate aliyejitolea kuipokea, na hatungetaka vinginevyo. Common Lisp imeuhifadhi utafutaji huo kwa vigeu maalumu, ambavyo kwa desturi huandikwa kati ya nyota, na hutumika kwa mipangilio kama vile msingi wa namba katika uchapaji. Bash bado inautumia kwa vigeu vyake vya ndani, na hapo sioni fahari yoyote. Mpangilio unaopaswa kumfuata aliyeita ni jambo moja. Jina la funksheni, ambalo msomaji analitegemea ili kujua kazi gani inafanyika, ni jambo jingine.

Nimalizie na jambo ambalo bado linaendelea kubadilika. Mkiandika kitanzi kinachounda funksheni tatu, kila moja ikitaja kigeu cha kitanzi, je, zinataja kigeu kimoja au vitatu? Kimaandishi jina ni moja na eneo ni moja, na JavaScript ya var hujibu kwamba kigeu ni kimoja, hivyo funksheni zote tatu, zikiitwa baada ya kitanzi kwisha, huona thamani ya mwisho. Neno let, lililoletwa na kiwango cha mwaka 2015, huunda kigeu kipya kwa kila mzunguko. Go ilishikilia kigeu kimoja tangu mwanzo, na makosa yakawa mengi kiasi kwamba katika toleo la 1.22, Februari 2024, ilibadilisha kanuni. Ili programu za zamani zisivunjike, kanuni mpya hufuatwa tu pale moduli inapotangaza, katika faili yake ya go.mod, kwamba inatumia toleo hilo au la baadaye. Kwa hiyo leo mnaweza kuwa na kurasa mbili za Go zinazofanana herufi kwa herufi, zenye funksheni zilezile katika vitanzi vilevile, nazo zikatoa majibu tofauti kwa sababu ya namba iliyoandikwa katika faili nyingine.

Ninakaribisha maswali, hasa kutoka kwa wale wanaodhani nimeionea Python. Asanteni.